Kucha za Mkono Mmoja

Juni 4

Baba Tokuji, salaam nyingi kutoka nyumbani. Nakusalimu mimi mkeo Tsune, mzima wa mwili. Babu, baba yako, anakusalimu. Mgongo unamsumbua lakini mdomo wake haujapata ugonjwa wowote. Sae mwanao anakusalimu, amerefuka tena, kimono changu cha zamani sasa kinamwishia juu ya vifundo. Otane jirani anakusalimu na kusema ukiokota misumari huko kwenye karakana ya meli usimsahau. Ng'ombe anakusalimu, ana mimba. Mplamu nao unakusalimu, mwaka huu umezaa hadi matawi yanalala juu ya paa la choo. Na Tokuji mwanetu anakusalimu.

Hapo nimesimama kidogo. Siku zote jina lake nilikuwa naliweka mwisho kwa sababu ndiye aliye mbali kuliko wote. Sasa yuko humu ndani, kwenye sanduku jeupe la waliokufa vitani, walilotuletea mwezi uliopita. Ukilitikisa kinagonga kitu, tok, kama mbegu. Ni kipande cha mti kilichoandikwa jina lake. Hamna kingine.

Wewe unajua kuandika si kazi yangu, shule niliiacha mapema. Lakini barua wanazifungua njiani, na mambo ya nyumbani si ya kusomwa na kila mwenye kofia. Nitaandika humu kidogo kidogo, nikipata mtu mwaminifu wa kuja huko Sasebo nitampa akuletee mkononi.

Mvua zimeanza. Mlima unatema majivu, mvua inayashusha, na nguo nilizofua zimekuwa za kijivu kabla ya kukauka.

Juni 9

Leo amekuja mgeni. Kijana mwembamba, sare ya wanamaji, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Alisimama langoni kwenye mvua, asibishe hodi wala asiondoke. Babu ndiye aliyemwona.

"Wewe! Unatuibia mvua?"

"Samahani, Babu. Naitwa Murase. Nilikuwa narusha ndege pamoja na Tokuji."

Nilimvuta ndani na viatu vyake vyote. Alituambia yuko hospitali ya wanamaji kule kwenye chemchemi za maji ya moto, anatibiwa mkono na malaria. Alikuwa anaruka nyuma ya Tokuji. Kwao ndege huenda tatu tatu, mmoja mbele ni kiongozi, wawili nyuma kumlindia mgongo. Tokuji wetu alikuwa kiongozi. Siku ile ya Januari alianguka baharini, na yeye Murase alimwona akianguka. Alisema hivyo akitazama magoti yake.

Kisha akatoa bahasha ndogo mfukoni, akaisukuma kwa mkono wa kushoto. "Ni kucha zake. Tulikuwa tunakata na kuziweka, ili wazazi wapate kitu cha kuzika."

Babu alilia kwa sauti. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku mama yako alipofariki. Aliipandisha bahasha kwenye kipaji cha uso mara tatu. Nami nililia, nikamlisha mgeni viazi vitamu vyote vilivyokuwa chunguni, na akavila vyote.

Juni 10

Mvua. Babu anaimba.

Juni 14

Nimefungua bahasha. Babu alikuwa kwenye zizi, Sae kwa Otane.

Kucha ni tano. Pana, nzima, zimekatwa vizuri kama mwezi mwandamo. Ile ya dole gumba ina mfuo katikati, toka juu hadi chini.

Baba Tokuji, wewe ulikuwa baharini miaka ile, lakini mimi ndiye niliyempaka pilipili kwenye vidole. Nilimpaka nyongo ya samaki. Nilimfunga vitambaa. Tokuji alikula kucha zake tangu ana meno, alizila hadi damu, na hata alipokuja likizo ya mwisho amevaa upanga na vifungo vya dhahabu, niliangalia vidole vyake wakati anakunywa chai na vilikuwa kama vya siku zote, nyama tupu. Mkasi ungekata nini pale?

Nimeirudisha bahasha mahali pake. Sijamwambia mtu.

Juni 17

Tumechuma plamu, mimi na Sae, katikati ya mvua mbili. Murase alitokea tena. Eti ametumwa kutembea ili apate nguvu. Kutoka kwenye maji ya moto hadi hapa ni mwendo wa nusu siku. Nani anatumwa kutembea hivyo?

Babu alifurahi kama amepata mjukuu mwingine. "Njoo mwanangu, tuonyeshe vita vyenu vikoje."

Nilileta plamu za chumvi za mwaka jana kwenye sahani. Murase aliziondoa chache akazipanga mezani. Plamu moja mbele, mbili nyuma, moja kushoto na moja kulia. "Huyu ni Tokuji. Mimi huyu wa kushoto." Akasema ndege yetu hakuna inayoiweza kwa kugeuka, inageuka ndani ya shati lake. Mwanzoni Wamarekani walikuwa wanaingia kwenye mchezo wa kuzunguka, na wanakufa. Sasa wameacha. Wanakaa juu sana, upande wa jua, wawili wawili. Wanashuka kama jiwe, wanapiga mara moja, wanapita chini na kwenda zao. Hawageuki na wewe kamwe. Na ukimfukuza mmoja, mwenzake anakatisha njia toka pembeni anakuja usoni kwako, halafu wanapishana tena, kama mtu anasuka mkeka, na wewe uko katikati ya mkeka.

"Waoga," Babu alisema.

"Hapana, Babu," Murase alijibu polepole. "Wana akili."

Babu hakupenda. Mimi nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa Murase. Alikuwa ameukunja ngumi.

Sae alimsindikiza hadi barabarani. Hakuombwa.

Juni 18

Nimetia plamu chumvi, mawe juu. Chumvi ya mgao ni haba, nimeongeza maji ya bahari niliyochemsha. Mungu wa jikoni anisamehe.

Juni 25

Otane alikuja kuazima ungo, na Otane haazimi ungo bila kuleta kitu ndani yake.

"Mama Tokuji, yule mgeni wenu mwenye bandeji, jina lake nani?"

"Murase."

Akakaa chini. Nikajua mambo yameiva. Mpwa wake alikuwa fundi wa ndege huko huko kusini walikokuwa akina Tokuji, amerudishwa na homa. Anasema anamkumbuka Murase. Siku Tokuji alipopotea, Murase alirudi peke yake. Ndege yake haina tundu hata moja, bati zima kama limetoka kiwandani. Lakini bunduki zake zilikuwa tupu na midomo imeungua kwa moshi. Alipiga risasi zote.

"Sasa jiulize, dada yangu," Otane alininong'oneza. "Kama alikuwa anapigana na adui, mbona hawakumgusa? Na kama hakupigana nao, risasi zote hizo alimpiga nani?"

"Otane, kuwa na aibu."

"Mimi nimesema? Mpwa wangu ndiye kasema. Mimi nimekuja kuchukua ungo."

Nilimpa ungo.

Juni 26

Mvua na majivu. Sikula.

Juni 29

Amekuja. Safari hii nilijiandaa. Nilimwekea plamu mezani mwenyewe.

"Mwanangu Murase, mimi ni mtu mjinga, sikuelewa vizuri siku ile. Nionyeshe tena siku ya Tokuji yenyewe."

Alinitazama. Akachukua plamu mbili tu. Moja mbele, moja nyuma kulia.

"Siku ile mlikuwa watatu," nikamwambia, "na wewe ulikuwa kushoto."

"Labda kaka Murase amemla wa tatu," Sae alisema akicheka. Kweli kulikuwa na mbegu mbele yake. Murase naye alicheka kidogo, kisha uso ukamkauka. Alisema wa tatu alirudi mapema, injini yake ilikohoa, kwa hiyo yeye akahamia kulia. Labda. Na labda mtu anayesema uongo hubadilisha plamu zake kila mara kwa sababu hakumbuki alizipangaje.

"Na redio?" niliuliza. "Hukumwambia kwamba wanakuja?"

"Hatukuwa na redio, Mama. Tuliitoa. Ina uzito, na inakoroma tu. Tulikata na mlingoti wake kwa msumeno. Tokuji ndiye alianza, kikosi kizima tukamfuata. Ndege ikawa nyepesi sana."

Hapo sikuweza kubisha. Ndiye mwanangu huyo. Unakumbuka alivyokuwa anaacha chakula chake cha shule chini ya daraja ili awashinde wenzake mbio? Lakini mtu akitaka kudanganya mama atachanganya ukweli kidogo, kama mimi na maji ya bahari.

Usiku Sae aliniuliza, "Mama, mbona unamtazama kaka Murase kama mwizi wa kuku?"

"Kwa sababu kuku wangu hayupo," nilimjibu. Alinuna.

Julai 3

Wamezika. Nasema wamezika kwa sababu mimi nilisimama tu. Babu hakutaka kungoja zaidi, na mkuu wa kijiji alitaka sherehe ya shujaa ifanyike kabla mvua haijaharibu barabara. Watoto wa shule walipanga mstari. Mtawa alisoma. Waliinua jiwe la kaburi letu, wakaweka mtungi mdogo wenye zile kucha karibu na mama yako. Babu alivaa nguo za harusi yake. Aliniambia, "Tsune, sasa naweza kufa."

Ningesema nini? Ningesema, Babu, hizo si za mjukuu wako, kuna mtu wa watu tunamlaza na wazee wetu? Nilifunga mdomo. Nikafagia majivu kwenye kijipaa cha juu ya kaburi, nikaweka maua.

Murase alikuwepo, nyuma kabisa. Mtungi uliposhushwa aliinamisha kichwa chini mno, kuliko mtu mwingine yeyote, na hakukiinua hadi watu wameanza kuondoka. Otane alinigusa na kiwiko.

Julai 8

Mvua. Maji ya plamu yamepanda vizuri, nimetia majani mekundu ya kuzipa rangi.

Julai 11

Mvua.

Julai 16

Leo nimejua ni za nani.

Bandeji imetolewa. Mkono wake wa kulia umekunjamana kama ngozi ya maziwa, lakini vidole vinacheza. Alimsaidia Babu kukata majani ya ng'ombe. Jua lilipoanza kuzama alikaa barazani, akaazima mkasi wa Sae, akaanza kukata kucha.

Babu alimpigia kelele. "Acha! Kucha hazikatwi jioni! Unataka wazazi wako wafe na wewe hupo?"

"Mimi sina wa kumkosa, Babu," alisema bila kuinua kichwa. "Baba sikumjua. Mama alikufa kwenye theluji huko kwetu kaskazini nikiwa mdogo. Mjomba ndiye aliyenilea, naye alinilea kwa sababu ya shamba. Nakata saa yoyote nitakayo."

Sae aliingia ndani ghafla.

Mimi nilikuwa natazama mkono wa kushoto. Kucha pana, nzima. Na kwenye dole gumba, mfuo katikati, toka juu hadi chini.

Baba Tokuji, zilikuwa zake. Tano tu, kwa sababu siku ile mkono mwingine ulikuwa ndani ya bandeji! Alizikata za mkono mmoja, akaniletea, nikalia juu yake, nikampa viazi. Mtu anayefanya hivyo ana kitu kikubwa cha kuficha. Nimemwambia Sae asitoke nje akija tena.

Julai 19

Redio ya mkuu wa kijiji imesema kisiwa cha Saipan kimekwisha, wote wamekufa. Wanawake hawasemi kitu kisimani. Otane pekee ndiye alisema, "Sasa watahitaji marubani hata wenye mkono mmoja."

Mvua zimekatika.

Julai 22

Jua kali. Nilitandaza plamu kwenye mikeka zikauke. Nilijua atakuja, na alikuja. Nilimtuma Sae kwa Otane, Babu alikuwa amelala. Nikampa Murase kazi ya kugeuza plamu, tukawa tumechuchumaa pande mbili za mkeka, kila mtu na vijiti vyake.

Nikasema, "Mwanangu alikuwa anakula kucha."

Vijiti vyake vilisimama.

"Alizila tangu mtoto. Hazikuwepo za kukata. Zile tulizozika ni zako. Mfuo ule wa dole gumba ni wako. Sasa niambie, Murase, usinipangie plamu. Ulirudi na bati zima na bunduki tupu. Ulimpiga mwanangu?"

Sikutegemea nitasema hivyo. Yalitoka tu. Aliniangalia kama nimemchapa.

"Nilimwita, Mama," alisema.

"Ulimwita na nini? Redio mlitoa."

"Kwa risasi. Kule juu hakuna njia nyingine. Nilitikisa mbawa, hakunitazama. Alikuwa ameona ndege moja ya adui chini, anaitaka. Wamarekani wawili walikuwa wanashuka toka kwenye jua, nimewaona mimi, yeye hakuwaona. Nikapiga mbele ya pua yake, risasi zile zinazowaka, zimpite azione. Hakugeuka. Nikapiga tena. Nikabana kidole, nikawa napiga kelele ndani ya kofia, Tokuji, Tokuji, na kidole kimebana. Akaziona. Akageuka, Mama, akageuka vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na yule wa kwanza alimkosa. Lakini wa pili alikuwa anangoja pale pale mtu anayegeuka anapotokea. Alikuwa mbele yangu kabisa. Mkubwa kama nyumba. Nikabana, na hazikutoka. Zilikuwa zimeisha. Zote nilizitumia kumwita."

Alisema alimfuata yule adui hata hivyo, amtishe tu kwa ndege yenyewe, na yule hakugeuka wala kumtazama. Wanapiga na kwenda zao.

"Na huo mkono?"

"Huo baadaye. Kambi iliposhambuliwa kwa mabomu, hema lenye masanduku yetu liliwaka. Niliingia kutafuta la kwake. Kucha hakuwa nazo, siku ya kukata alituonyesha vidole akacheka, afisa alimtukana. Lakini aliweka nywele. Sikuzipata. Nikaja huku mikono mitupu. Nikafika langoni kwenu, nikamwona Babu dirishani amevaa nadhifu, amekaa kama mtu anayengoja treni, nikashindwa. Nikarudi nyuma ya ukuta. Nilikuwa na kisu, nikakibana kwa magoti, nikazikata zangu."

Plamu zilikuwa zinatoa harufu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumpa maji, na sikufanya lolote. Nilimwambia tu, "Geuza hizo za pembeni, zinaungua."

Akageuza.

Julai 23

Nimekumbuka kifuniko cha sufuria. Tokuji akiwa mtoni na wenzake, ningemwita hadi sauti ikauke asisikie. Ikawa lazima nitoke na kifuniko nigonge kwa mwiko, wakati mwingine hadi kikabonyea. Kile chenye mbonyeo bado ninacho. Hata mimi mama yake hakuwahi kunisikia mara ya kwanza.

Julai 24

Otane ameniuliza kama nimejua lolote. Nimemwambia arudishe ungo wangu.

Julai 30

Murase amekuja kuaga. Madaktari wamesema mkono unatosha kushika usukani. Hakusema anakwenda wapi, na hatukuuliza. Babu alimpa mkanda wake mzuri. Nilimpa plamu kwenye mtungi mdogo, za mwaka huu, bado kali. Sae alimpa kitu akikificha kwenye kiganja, sikuona ni nini, na safari hii sikutaka kuona.

Langoni nilimshika mkono wa kushoto, mbele ya watu. "Watakuwekea redio?"

"Nitawaambia, Mama."

"Usiitoe. Hata ikikoroma. Iwe nzito hivyo hivyo."

Akacheka. Mara ya kwanza nimeona ana pengo la jino.

Agosti 5

Baba Tokuji, daftari hili litakuja na shemeji ya Otane, anasafiri kesho kuja huko. Soma peke yako.

Siku ya Bon inakaribia. Babu ameshaanza kutengeneza taa za karatasi za kuwaita wafu waje nyumbani, na ile kubwa ni ya Tokuji. Anasema tutasimama kaburini tuwaite wote waliomo, mmoja mmoja, waje watufuate hadi mlangoni. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, na limenitia hofu kuliko ndege zinazopita. Pale chini ya jiwe letu kuna kucha za mtu aliye hai. Tukisimama pale na taa tukaita waliomo, nani atakayesikia? Tokuji hamo. Yule mwingine ndiye aliyemo, naye ana masikio mazuri, na hana mtu mwingine wa kumwita duniani; akiitika, atakuja kama wafu wanavyokuja.

Leo asubuhi nilikwenda kufagia majivu. Nilikuwa peke yangu. Jiwe ni zito lakini nimezoea mawe ya plamu. Nimezitoa. Mahali pake nimeweka kifuniko cha sufuria, kile chenye mbonyeo. Tokuji akisikia chochote atasikia hicho. Kucha nimezishonea kwenye kitambaa, ziko ndani ya kisanduku cha sindano, pamoja na kitovu cha Sae na jino lako lile. Humo naweka vitu vya walio hai.

Babu hajui. Ukiona inafaa aambiwe, mwandikie wewe, maneno yako anayasikia.

Sasa nisikilize. Huko karakana wanamaji wanapita kila siku. Uliza Murase, rubani, mwembamba, kovu mkono wa kulia, pengo la jino la mbele. Uliza yuko kambi gani. Uliza kama anaruka, na kama wamemwekea redio. Halafu nitumie neno upesi, usingoje barua ndefu, hata mstari mmoja, ufike kabla ya Bon. Ukiona nimekosea kufungua kaburi la wazazi wako, nigombeze humo humo, nitavumilia. Lakini usiniambie nizirudishe.

Mkeo, Tsune.